Kona Niliyomchorea Mama

Mimi ni msanifu majengo, na kwa zaidi ya mwaka mzima niliogopa nyumba niliyoichora mwenyewe. Haikuwa na ufa. Paa lake halikuvuja, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya kila paa nililolichora. Niliiogopa kwa sababu mama yangu alikuwa anaishi humo, alikuwa mzee, na nilikuwa nimegundua kwamba siku akifa jeneza halitapita kwenye njia ya kutokea.

Leo nalisema wazi, lakini wakati ule sikuweza hata kulinong'ona. Kwetu Bagamoyo mtu hatamki kifo cha mtu aliye hai, seuze cha mama yake. Ukitamka umemchuria, umemwitia mkosi. Ukianza kubomoa ukuta na watu wakajua kwa nini, umemchuria mbele ya mtaa mzima, na likitokea la kutokea wiki ileile, wewe ndiye uliyemwita malaika. Mimi nimesoma, sina imani na mambo hayo. Lakini simu ya mama ikilia alfajiri nilikuwa naipokea kabla haijalia mara ya pili.

Nilizaliwa katika familia ya duka. Wazee wa upande wa baba walitoka Omani zamani, wakauza nguo na mchele, na mpaka leo ndugu zangu wakikutana mazungumzo yao ni bei za vitu. Mimi nilipenda kuta. Nikienda madrasa nilikuwa napitisha kiganja kwenye kuta za mawe za mji wa kale, njia nzima, nikirudi nyumbani mkono wa buibui umejaa chokaa na mama ananigombeza. Nilipofika chuoni Dar es Salaam nilimkuta mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, aliyetufundisha kwamba zege si adui wa pwani. Alikuwa akisema jengo la huku kwetu lianze na kivuli, lifuate upepo, mengine yote yatakuja yenyewe. Maneno yale nusura niyafanye dini, astaghfirullah.

Nikatoka chuoni na kuta zangu za matundu. Huo ndio ukawa mtindo wangu: matofali ya zege yenye matundu, baraza pana, paa bapa lenye kingo ndefu za kuzuia jua, na hewa inayopita bila kuomba ruhusa. Nilichora zahanati ndogo upande wa Kiwangwa, ndani huko kwenye mananasi. Nilichora madarasa pembeni ya barabara kuu karibu na Lugoba. Nilichora nyumba za watu wa Dar waliokuja kununua viwanja ufukweni, Mapinga na Zinga. Siwezi kusema nilipata jina. Kule Kiwangwa wauguzi waliziba matundu yangu kwa magunia, eti vumbi linaingia na wapita njia wanachungulia wagonjwa. Kule Lugoba mwalimu mkuu aliniambia kwa adabu zote, "Injinia, upepo wako tunaushukuru, ila unatupeperushia madaftari." Na tajiri wangu wa Mapinga alinilipa, akanishukuru, kisha akaziba baraza yote kwa vioo na kufunga viyoyozi kila chumba. Nilipopita na kuviona nililia ndani ya gari kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi.

Kwa hiyo nyumba ya mama ilikuwa kazi pekee ambayo hakuna aliyeiharibu. Baba alipofariki tulikuwa na kiwanja cha urithi katika mji wa kale, chembamba, kimebanwa na majirani pande tatu. Mama aliomba jambo moja tu. Alitaka mlango wake wa mbele ukae wazi kutwa nzima, upepo uingie, lakini mpita njia asimwone akiwa hana ushungi. "Nataka mimi niwaone," alisema, "wao wasinione."

Nikamchorea kona. Ukipanda baraza na kuvuka kizingiti unakutana uso kwa uso na ukuta wa matundu, kutoka sakafuni mpaka juu. Unageuka kushoto, unapita kijia chembamba, unageuka tena kulia, ndipo unatokea sebuleni. Kiti cha mama kilikaa nyuma ya ukuta ule. Upepo ulimfikia, mwanga ulimfikia, na kupitia matundu alikuwa anauona mtaa mzima bila mtaa kumwona yeye. Nikienda kumjulia hali nilikuwa napewa habari zote. "Yule bwana wa kona amepita na kapu tupu, amerudi na kapu tupu. Huko kwake leo wanakula nini?" Nilikuwa nikimsikiliza najiona nimefanikiwa. Wauguzi waliziba, tajiri aliziba, lakini mama yangu mwenyewe alikuwa anayatumia matundu yangu kama yalivyokusudiwa.

Halafu akafa mzee mmoja nyumba ya tatu kutoka kwa mama.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya Kiswahili, ile ambayo kila mtu huku anaijua: mlango wa mbele, ukumbi ulionyooka katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi unatokea uani. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuandika insha nzima ya kuudharau ukumbi ule. Niliuita njia tupu, nafasi iliyopotea bure, kitu kilichosubiri mtu mwenye akili aje kukitia maana. Siku ya msiba nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu katika chumba cha pembeni. Mara tukasikia tahlili za wanaume, la ilaha illallah. Jeneza lilitoka uani juu ya mabega ya wanaume, likapita ukumbini limelala sawasawa, halikuinama, halikugusa ukuta, hakuna aliyesema inua wala shusha. Likatoka mlangoni, likaenda.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Mwisho wetu ni mlangoni. Kwa hiyo tulisimama wote tukasongamana ukumbini, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umenyooka, mjane wa marehemu aliweza kumwona mumewe kutoka uani mpaka jeneza lilipopotea mwisho wa mtaa. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Nikafikiria kona ya mama yangu.

Alasiri ileile nilikwenda kupima. Mama alikuwa amelala. Jeneza la msikiti wetu ni la chuma, refu, na lina mikono ya kubebea mbele na nyuma. Niliigeuza hesabu kila namna. Halikuweza kukata ile kona likiwa limelala. Ama lisimamishwe wima, na maiti ndani yake, ama libaki barazani na maiti atolewe mikononi. Mlango wa nyuma haukuwepo. Palikuwa na kichochoro zamani, lakini jirani alipojenga nyumba yake ya wageni alikimeza, na mimi nilipochora nilifurahi kwamba wezi wamekosa njia.

Kumtoa mtu mikononi si dhambi, hilo nalijua, na sheikh yeyote angeniambia usijitese. Lakini nilimjua mama. Binamu yake mmoja alifia kwenye ghorofa Kariakoo na walimteremsha kwenye ngazi ndani ya blanketi. Mama alilisimulia jambo lile miaka na miaka. "Walimteremsha kama godoro," alikuwa akisema. "Hajja wa watu! Miguu huku, kichwa kule." Na kila akilisimulia alimalizia kwa kumshukuru Mungu kwamba yeye nyumba yake iko chini, haina ngazi. Alikuwa ananishukuru mimi pia.

Nikaanza kutafuta uongo. Kwanza nilimwambia ukuta una ufa, inabidi tuushushe tuujenge upya. Akavaa miwani, akasimama mbele ya ukuta. "Uko wapi?" Nikasema ni ufa mwembamba, jicho la kawaida haliuoni. Akasema basi na yeye ana jicho la kawaida, uache. Mara ya pili nikamwambia siku hizi nyumba zote zinachorwa ili kiti cha magurudumu kipite.

"Kiti cha nani?"

"Cha yeyote, mama. Wageni."

"Mgeni gani wa kwangu ana magurudumu?" Alikuwa na fimbo wakati huo, na alianza kuificha nikifika, kusudi nisimwone akiitegemea. Nikaona badala ya kumsaidia namtia unyonge.

Aliyenigundua ni mdogo wangu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Dunda na shamba la mananasi Kiwangwa, na baada ya kuachana na mkewe alirudi kuishi na mama, chumba cha nyuma. Hawakuwa na mtoto. Alikuwa mrefu, mwingi wa maneno, hana jambo asilolifanyia mzaha. Siku moja alinikuta kijiani na futi ya kupimia, nimekaa chini, nimechoka. Akatazama futi, akatazama kona, akanitazama mimi. Akashika kiuno.

"Dada, wewe umesoma miaka yote ile. Mlifundishwa kuingia tu?"

Nilitaka kumpiga, lakini nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Akaniziba mdomo kwa kiganja kwa sababu mama alikuwa chumbani. Tangu siku hiyo hofu yangu ikawa na mwenzake. Yeye aliifanyia utani, kwamba tutamtoa mama kwa kupitia juu, kwani si mimi mwenyewe niliyesema paa bapa ni la matumizi. Nilimwambia anyamaze. Lakini usiku nililala vizuri kidogo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine anayejua.

Ni yeye aliyetaka tujaribu. Alisema hesabu za karatasi hazimridhishi, tutafute kitu kirefu tukipitishe. Akaleta ngazi ya mbao kutoka dukani, urefu wake karibu na jeneza. Tulisubiri mama alale baada ya chakula cha mchana, tukaiingiza ikiwa wima, kisha tukaibeba begani, yeye mbele mimi nyuma, kutoka sebuleni. Tulipofika kwenye kona ngazi ikagoma. Akasogea, nikasogea. Akarudi, nikarudi. Akaniambia nishushe upande wangu, nikashusha, mguu wa ngazi ukaparuza ukuta na kung'oa kipande cha plasta. Tukakwama pale, yeye hawezi kutoka, mimi siwezi kurudi, na yeye anatetemeka kwa kucheka bila sauti.

"Mnafanya nini?" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na khanga yake ya kulalia.

"Tunabadilisha taa, mama," mdogo wangu akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Mama alitazama juu. Taa ilikuwa inawaka. Kisha akaitazama ngazi, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, muda mrefu kuliko ngazi inavyostahili. Akasema tukimaliza tumchemshie maji ya chai, akarudi chumbani.

Mwezi uliofuata wanafunzi wa usanifu walikuja kutoka Dar, pamoja na mwalimu wao kijana, kuitazama nyumba. Kuna mtu alikuwa ameiweka mtandaoni na picha zilikuwa zimezunguka. Ningekuwa na akili zangu ningefurahi, maana maisha yangu yote nilitaka watu waje watazame. Mama alivaa gauni la sikukuu, akawaandalia chai na kaimati. Walipiga picha kivuli cha matundu kikitembea sakafuni. Mwalimu wao alisimama palepale kwenye kona akaeleza kwamba huu ndio usasa wenye mizizi, kwamba hapa msanifu amechukua stara ya nyumba za zamani na kuitafsiri kwa zege, kwamba kona inamtaka mgeni apunguze haraka za barabarani kabla ya kuingia. Wanafunzi wakaandika. Mimi nilisimama mlangoni naomba tu asitokee mmoja mwenye akili akauliza habari ya kutoka.

Msichana mmoja akamgeukia mama. "Bibi, wewe mwenyewe unaionaje hii kona?"

"Hii?" mama akasema. "Mimi hapa nakunywa chai kichwa wazi, na namwona kila mtu. Mwanangu kanijengea pepo ndogo."

Wakacheka, wakapiga makofi. Nikaenda bafuni kunawa uso.

Baadaye mama aliugua. Kikohozi kilishuka kifuani, akalazwa, na kwa siku kadhaa hatukujua itakuwaje. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimshika mkono, nikimsomea Yasini, na katikati ya aya akili yangu ilikuwa inahesabu matofali. Nilijichukia kwa hilo. Mama anahangaika kupata pumzi, na mimi nawaza nikimpigia fundi sasa hivi atamaliza saa ngapi. Kwetu maiti hakai. Mtu akifa asubuhi alasiri amezikwa, hakuna muda wa kutengeneza njia. Mdogo wangu aliniona uso ukoje akanivuta kwenye korido ya hospitali.

"Akirudi mzima tunaubomoa," akasema. Safari hiyo hakutania. "Tutamwambia tunapanua sebule. Atanuna, atazoea."

Mama alirudi mzima. Tulimwingiza kwa mkono, huyu kulia huyu kushoto, na alipokaa kwenye kiti chake akayatazama matundu yake, akashusha pumzi, akavua ushungi. Akasema hospitali alikosa kitu kimoja tu, nacho ni hapa. Nikamtazama mdogo wangu, naye akanitazama. Tukasema basi, apumzike kwanza. Ikaja Ramadhani, tukasema baada ya Idi. Baada ya Idi mananasi yakawa tayari, yeye akawa hatoki shamba, tukasema yakiisha mananasi. Nilikuwa na roho juu kila siku, lakini nilikuwa nimeanza kuizoea ile hofu. Kila jioni niliyoondoka kwa mama nikiwa nimemwacha anaongea nilijihesabia kuwa nimepona siku hiyo.

Asubuhi moja mdogo wangu alikwenda Kiwangwa kupakia mzigo. Mimi nilikuwa kwa mama, tunachambua mchele. Kabla ya adhuhuri simu yangu ililia, jina lake likaonekana, nikapokea nikisema, "Umesahau nini tena?" Haikuwa sauti yake. Alikuwa mmoja wa wapakiaji. Alisema bosi alilalamika kifua kinambana, akakaa kivulini, akaomba maji. Walipomfikisha kwa daktari alikuwa ameshafariki.

Mama alikuwa ananitazama. Sikuwa na namna ya kulipamba. Nilisema, "Mama, mdogo wangu ametutoka." Sinia la mchele lilikuwa mapajani mwake. Aliliweka chini taratibu sana, hakuna punje iliyomwagika.

Walimleta kwa gari la shamba. Watu walikuwa wameshajaa barazani. Wakamshusha ndani ya blanketi, wanaume wanne, wakavuka kizingiti, wakakutana na ukuta wangu. Nilikuwa sebuleni nimesimama karibu na mama na nilisikia kila neno. "Geuza." "Ngoja, ngoja, kichwa." "Kunja miguu, mwinue." Alikuwa mrefu, nimesema. Blanketi lilikwaruza kwenye matundu. Mmoja akasema, "Taratibu, jamani," mwingine akasema, "Haipiti, mkunje zaidi." Kupitia matundu tulikuwa tunaona vipande tu, bega la mtu, kona ya blanketi, mguu wenye soksi. Wakatokea sebuleni wakihema, naye amekunjwa katikati yao.

Mama aliona yote. Nilitaka ardhi inimeze.

Aliogeshwa, akakafiniwa. Jeneza lilipoletwa kutoka msikitini, mjomba wetu, ndugu wa mama, alikuja mpaka kwenye kona, akapima kwa macho, akarudi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jeneza litasubiri barazani na kijana watamtoa mikononi, hakuna tatizo, dini haikatazi.

"Hapana," mama akasema.

Mjomba akamwinamia. "Dada, njia ni ndogo."

"Ameingia amekunjwa. Hatatoka amekunjwa." Akaunyooshea ukuta fimbo. "Vunjeni."

Watu wote wakanigeukia mimi. Mjomba akauliza swali ambalo lingeulizwa na mtu yeyote mwenye akili: "Paa je, injinia? Halitatushukia?"

Zege la paa lile ni zito. Nilijua kwamba halikulala juu ya matofali, lililala juu ya boriti, na boriti ilikaa juu ya nguzo mbili nyembamba huku na huku. Nilijua hivyo kwa kuwa nilichora hivyo. Lakini kujua ukiwa ofisini ni jambo moja, na kujua wakati ndugu yako amelala chumba cha pili na sebule imejaa wajomba na watoto wa watu ni jambo lingine. "Nguzo msiziguse," nikasema. "Anzeni juu kabisa, tofali la chini ya boriti. Mshuke mstari kwa mstari. Msipige kwa pembeni."

Nyundo na mitaimbo ilitoka dukani kwake, Dunda. Mtu alikwenda na bodaboda akafungua. Wanawake walitundika khanga kwenye mlango wa chumba alimolala ili vumbi lisimfikie. Mimi nilisimama chini ya boriti, khanga ya msiba kichwani, nawapigia kelele wanaume kwenye msiba wa ndugu yangu, na kwa kila pigo macho yangu yalikuwa kwenye boriti natafuta mstari wa ufa. Mmoja akaniambia nisogee, itaniangukia. Nikakataa. Kama paa lingeshuka nilitaka linikute hapo. Halikushuka. Matofali yalitoka mojamoja, mengine mazima na matundu yake, yakapokewa mkono kwa mkono mpaka nje, na mwanga wa mtaani ukaingia sebuleni wote kwa mara moja. Wakafagia.

Jeneza likaja ndani limenyooka, likamchukua, likatoka limenyooka. Lilikuwa juu ya mabega. Halikugusa popote. Mama alisimama mbele ya kiti chake, ameshika fimbo kwa mikono miwili, na mbele yake palikuwa na mlango, baraza, na mtaa mzima hadi kwenye duka la mwisho. Sikumwona analia. Midomo yake ilikuwa inasema kitu nikasogea kusikia. "Nenda, baba," alikuwa anasema. "Nenda. Nenda." Alimwona mwanawe mpaka walipokata kona.

Tangu siku hiyo sebule iko wazi. Kila apitaye anamwona, na kila amwonaye lazima aamkie. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Asubuhi mpaka jioni. Mama anafunga ushungi tangu alfajiri na analalamika kwamba shingo inamuuma kwa kuitikia. Vumbi linamfikia. Upepo nao unakuja na nguvu mno, unabeba magazeti. Nikaona hilo angalau naweza kulitengeneza. Baada ya hitma ya arobaini nilikaa mezani nikachora tena, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu bila mtu yeyote kuniomba. Nilichora ukuta wa mbao wenye matundu yaleyale, umekaa kwenye bawaba, unaofunguka wote kwa upande mmoja. Mchana unaufunga, unakaa nyuma yake kichwa wazi. Siku ukitaka njia, unaufungua.

Nilimpelekea ramani. Nikaikunjua mapajani mwake nikamwelekeza kwa kidole: hapa kiti chako, hapa upepo, hapa mtaa. Sikusema habari ya njia. Mama alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akafuata matundu kwa ukucha.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Lakini usijenge sasa."

"Kwa nini, mama? Fundi yupo."

Akaikunja ramani taratibu, akanirudishia.

"Ngoja na mimi nipite kwanza," akasema.

Aliyasema kwa sauti ileile anayoagizia chai. Yale niliyoyaficha muda wote ule, niliyoyadanganyia ufa na magurudumu, yeye aliyatoa nje peupe, barabara inasikia. Nilisema, "Sawa, mama." Kisha nikaenda kulilia jikoni, kwa sababu pale sebuleni kila mpita njia angeniona.